Mizani ya Sauti Mbili

Mizani ni neno lenye nyumba mbili katika Kiswahili. Nyumba yake ya kwanza ni dukani na bandarini, ambako mchele na karafuu hupimwa, na mwenye kuuza na mwenye kununua husimama wakikodolea macho mkono wa chuma, kila mmoja akichelea kupunjwa. Nyumba yake ya pili ni katika ushairi. Humo mizani ni hesabu ya silabi: nane katika ukwapi, nane katika utao, na mshororo ukizidi au ukipungua hata silabi moja, sikio la mwenye kujua hushituka kama mtu aliyekosea ngazi gizani. Mizani ya duka hukamilika pale pande mbili zinapokuwa na uzito mmoja. Mizani ya shairi haitaki hayo tu. Ukwapi una kina chake na utao una kina chake. Ukwapi husema, utao hujibu, na hakuna kimoja kinachoweza kusimama badala ya kingine. Katika makala haya nataka kuuliza ni mizani ipi kati ya hizi mbili inayofaa kupimia maisha ya watu wanaoishi pamoja, na shahidi nitakayemwita ni taarab ya visiwa vyetu.

Swali hili sikulipata katika kitabu. Nililipata utotoni, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, Ng'ambo, ambako palikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri chache zilizohifadhiwa ndani ya kitambaa cha kanga kuukuu. Bibi na babu walipogombana hawakupaziana sauti. Walinyamaziana. Nyumba ilikuwa nzito siku mbili, pengine tatu, na sisi watoto tulijifunza kupita ukumbini kwa ncha za vidole. Kisha jioni moja babu aliinuka, akazungusha mkono wa gramafoni, akabadili sindano, akaweka santuri ya Siti binti Saad. Hakusema neno. Upande mmoja wa santuri zile haukuchukua zaidi ya dakika tatu hivi. Ulipokwisha, sindano ilibaki ikikwaruza katikati. Hapo sote tulimtazama bibi. Akiinuka akaigeuza santuri upande wa pili, tulijua chai itatiwa na ugomvi umekwisha. Asipoinuka, babu aliunyanyua mkono wa sindano taratibu, akaifunga gramafoni, na kimya kikaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyoigundua muziki: si kama burudani, bali kama jambo linaloweza kusemwa na watu wawili ambao maneno yamewashinda. Furaha niliyoipata siku zile, sauti ile kali yenye kupanda na kushuka kutoka katika sanduku la mbao, imechanganyika kabisa na hofu yangu kwamba bibi hatainuka. Hata leo siwezi kuzitenganisha.

Neno taarab lenyewe lina habari hiyo ndani yake. Limetokana na Kiarabu, na maana yake ni ule mtikisiko unaompata mtu nafsini anapousikia muziki, uwe wa furaha au wa huzuni. Basi taarab kwa asili si jina la ala wala la wimbo. Ni jina la kinachotokea kwa msikilizaji. Asipokuwapo wa kutikisika, palipopigwa hapakuwa na taarab, hata kama wapigaji walikuwa mahodari.

Husimuliwa kwamba muziki huu uliingia Unguja katika kasri ya Sultan Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na kwamba alimpeleka Cairo mtu aliyeitwa Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni, naye aliporudi akawafunza wengine. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na waliozisikiliza walikuwa ni sultani, jamaa zake na wageni wake. Waliokuwa nje ya kuta, wapagazi, wavuvi, wachumaji karafuu, huenda walizisikia sauti zikipita madirishani usiku, lakini hazikuwa zikiwasemesha wao. Hapa palikuwa na muziki mzuri, na mizani iliyoelemea upande mmoja. Mwenye kuagiza wimbo alikuwa mmoja, na wengine kazi yao ilikuwa ni kumridhisha.

Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao wakakiita Ikhwani Safaa, yaani ndugu wenye nyoyo safi. Jina hilo lafaa kutiwa maanani. Hawakujiita mabingwa wala watumishi wa kasri, walijiita ndugu. Na muziki walioupiga ulikuwa wa kindugu kwa umbo lake. Katika takhti, udi, fidla, nai na kanuni hufuata njia moja ya sauti, lakini kila ala huipamba njia hiyo kwa namna yake. Mpiga udi huongeza kipande hapa, mpiga fidla huvuta sauti pale, mpiga nai akachelewa kidogo kisha akawafikia wenzake. Hakuna aliyeamriwa kupiga kitu kimoja na mwenzake herufi kwa herufi, na hakuna mwenye ruhusa ya kwenda anakotaka. Chini yao dumbak na rika vinashika mapigo. Mpigaji mzuri hujulikana si kwa vidole vyake tu, bali kwa anavyojua lini apunguze ili mwenzake asikike. Ikhwani Safaa walitimiza miaka mia moja mwaka 2005, na chama cha watu wa kujitolea hakiwezi kuishi karne nzima bila ya kuujua ufundi huo wa kupunguza.

Lakini undugu ule ulikuwa wa wanaume. Ilibidi aje mtu wa shamba kuufungua.

Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, takriban mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walitokana na watu wa bara walioguswa na utumwa, na utumwa wenyewe ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, yeye alikuwa msichana ambaye tayari ameitwa kwa jina hilo maelfu ya mara. Kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Alibeba vyungu kichwani akaviuza kwa kuvinadi, na inasimuliwa kwamba sauti yake ya kunadi ilifika mbali kuliko miguu yake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa Ikhwani Safaa, aliyemfunza kuimba kwa kufuata ala na kumtia katika njia za muziki wa Kiarabu.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Mwanamke huyu alikuwa amekaribia au amevuka miaka thelathini. Kwa hesabu ya watu wa zama zile, alikuwa amekwisha kuwa alivyo. Tumezoea kuihesabu furaha ya kugundua muziki kuwa ni ya watoto na vijana. Yeye aliigundua akiwa mtu mzima, mwenye mabega yaliyozoea mzigo, akagundua kwamba sauti aliyokuwa akiitumia kuuzia vyungu ilikuwa na thamani kuliko vyungu. Baadaye watu wakamwita Siti, jina la heshima la bibi mwenye hadhi. Kutoka Mtumwa hadi Siti si safari ya kubadili jina tu. Ni safari ya kubadili upande wa mizani.

Wenzake wa muziki wanajulikana kwa majina: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam. Wanaume wote hao, na mbele yao mwanamke mmoja ambaye jina lake ndilo lililotangulia. Kwa desturi za wakati ule jambo hili lilikuwa zito. Lakini tukiyafuata yanayosimuliwa juu ya mikutano yao ya usiku nyumbani kwa Siti, hatuoni malkia na watumishi wake, wala hatuoni wanaume wanaomtumia mwanamke kama chambo cha kuvutia watu. Tunaona watu waliokaa pamoja, wakileta habari za mtaani zilizotokea siku ile, mmoja akatoa ubeti, mwingine akaurekebisha, wa tatu akautafutia sauti. Wimbo ulipokamilika haikuwa rahisi kusema ni wa nani. Wanaume nao waliimba, na Siti naye aliwapokea. Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kwamba koo moja haiimbi taarab.

Na lugha ilikuwa Kiswahili. Siti aliweza kuimba kwa Kiarabu, na aliitwa kasrini kumwimbia Sultan Khalifa bin Harub. Lakini usiku uleule au wa pili yake angeweza kuwaimbia watu wa Ng'ambo kwa lugha yao na kwa mambo yao. Hakuitupa kasri ili aipate Ng'ambo, wala hakuisahau Ng'ambo alipoalikwa kasrini. Alisimama kati kama nukta inayotenga ukwapi na utao, na kwa kusimama pale aliuunganisha mshororo.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kuingiza sauti katika santuri za kampuni ya HMV. Huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Hebu tuifikirie kazi yenyewe. Wimbo wa taarab, katika baraza au harusini, hauna haraka. Ala hutangulia, mwimbaji huingia pale moyo unapomtuma, beti hurudiwa kwa kadiri wasikilizaji wanavyoomba. Santuri ilitaka yote hayo yaishie katika dakika tatu, mbele ya mashine, bila msikilizaji hata mmoja wa kutikisika. Walilazimika kuikata sherehe ya usiku mzima wakaitia katika pande mbili za sahani nyeusi. Kilichopotea kilikuwa kingi. Kilichopatikana ni kwamba santuri hizo zilivuka bahari zikarudi pwani yetu, zikaingia hotelini na majumbani, Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na bara, na watu waliozoea kusikia santuri za lugha za wengine wakasikia sanduku likisema lugha yao. Wazee wa utotoni mwangu waliieleza siku waliyoisikia kwa mara ya kwanza kama mtu anavyoeleza siku aliyojiona katika kioo kikubwa: kwanza kicheko, kisha kimya.

Haikuwa kwamba kila mtu alimfurahia. Alisimangwa kwa asili yake, kwa kaniki aliyokuja nayo kutoka shamba, kwa sura yake. Naye alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu kwa asiye na akili. Jambo la kutazama ni namna ya jibu lake. Hakumtaja mtu. Hakushuka kutukana. Aliupokea mshororo aliotupiwa, akaukamilisha kwa utao wake mwenyewe, na mzani ukarudi sawa. Shaaban Robert wa Tanga, aliyeandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, hakika aliona katika maisha haya kitu kilichozidi sifa ya mwimbaji. Aliona mtu aliyeipata heshima yake bila kuiomba na bila kumnyang'anya mwingine ya kwake.

Palikuwa na mizani nyingine pia iliyohitaji kurekebishwa, ile ya mahakama. Wimbo wa Kijiti husimulia kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa anatoroka, na lawama za sheria zinawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu. Katika mji ambao wanawake maskini hawakuwa na gazeti wala wakili, wimbo huo ulipita mlango kwa mlango ukiuliza ni haki gani hiyo. Haukumfufua aliyekufa, wala haukumrudisha aliyekimbia. Lakini uliweka katika sahani ya pili kitu ambacho hakimu hakukiweka, nacho ni neno la wanawake wenyewe. Kwa hiyo tunapoizungumzia taarab kuwa ni muziki wa mapenzi, tukumbuke kwamba mapenzi ambayo upande mmoja hauna sauti si mapenzi bado, kama vile kesi ambayo upande mmoja haukusikilizwa si hukumu.

Desturi ya kutunza nayo ni mizani ya aina yake. Msikilizaji aliyeguswa huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, huweka fedha mkononi mwa mwimbaji au huibandika usoni pake, kisha hurejea. Mgeni huona hapo fedha tu. Mwenyeji huona nani ameinuka, katika ubeti upi, na macho yake yamemwelekea nani. Mwenye kutunza huuchukua ubeti ule ukawa wake, akautuma kwa mume, kwa mke mwenza, kwa jirani, kwa mpenzi aliyekaa safu ya tatu. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini pia mtunzaji hapo hapo amekuwa mwimbaji, bila kufungua kinywa.

Desturi hii ndiyo iliyovipa nguvu vikundi vya wanawake vilivyofuata. Nuru el-Uyun na Sahib el-Arry vilishindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa mafumbo, na mji uligawanyika kwa mapenzi ya vikundi hivyo kama unavyogawanyika leo kwa mpira. Wapo waliouona ushindani huo kuwa ni fitina. Mimi nauona kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa mizani. Kikundi kimoja kilihitaji kingine ili kipate cha kujibu. Fumbo likitupwa na asiwepo wa kulipokea, limeanguka kama mpira uliopigwa kwenye uwanja mtupu. Mahasimu wale walisikilizana kwa makini kuliko wanavyosikilizana marafiki wengi, kwani hauwezi kujibu ubeti ambao hukuusikia hadi mwisho.

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990, ilipokuja taarab ya kisasa yenye vinanda vya umeme na mipasho, na vikundi kama East African Melody, kilichoanza 1992, vikapata wapenzi wengi. Wakongwe walilalamika kwamba fumbo limevuliwa nguo. Sitaki kuwa miongoni mwa wanaoamini kwamba kila jipya ni uharibifu. Wanawake waliokuwa wakicheza mipasho ile walikuwa na yao ya kusema, na waliyasema. Shaka yangu ni moja tu. Fumbo humwachia anayepigwa nafasi ya kujifanya hakuelewa, akaenda nyumbani, akajifikiri, akarudi na jibu. Neno lililo uchi humfungia mlango huo. Na mahusiano ya watu, iwe ya mke na mume, ya ndugu au ya majirani, hudumu kwa sababu ya mlango huo mmoja uliobaki wazi.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Miongoni mwa walioipokea sauti yake alikuwa Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyesimulia kwamba alimsikiliza Siti tangu utotoni mwake. Naye hakuwa nakala. Alikuwa na sauti nzito, ngoma yake ya msondo, sigara yake, na ukaidi wake. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 17, 2013, mji mzima ulimsindikiza. Kumsikiliza mwalimu na kisha kutofanana naye, hiyo nayo ni heshima, na ni namna ile ile ya nai anayeifuata njia ya udi kwa pumzi zake mwenyewe.

Sasa nirudi Ng'ambo, kwenye gramafoni. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba babu ndiye aliyekuwa mpatanishi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinuka kwanza. Nilipokuwa mtu mzima nilianza kuona kasoro katika hesabu hiyo. Babu alichagua siku, alichagua santuri, alichagua wimbo. Bibi aliachiwa kitu kimoja tu: kuigeuza au kutoigeuza. Ilikuwa mizani ya dukani, ambayo mwenye duka ndiye anayeishika.

Kisha nikakumbuka jioni moja ambayo nilikuwa nimeisahau. Ugomvi ulikuwa mkubwa, na sababu yake hatukuambiwa. Babu aliweka santuri kama kawaida. Upande ulikwisha, sindano ikakwaruza. Bibi aliinuka, nasi tukashusha pumzi. Lakini hakuigeuza. Aliiondoa, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akairudisha kitambaani. Akatafuta katika zile nyingine bila haraka, akatoa aliyoitaka, akaiweka. Sitautaja wimbo wenyewe, kwani haukutumwa kwangu. Babu alikaa ameinamisha kichwa, mikono magotini, akausikiliza ubeti baada ya ubeti hadi ukaisha, na sindano ikaanza kukwaruza.

Bibi alikuwa amekwisha kukaa. Babu ndiye aliyeinuka, akaigeuza.